Rungu Lenye Uso Mmoja

Watu wa kijiji cha Fagalepa, kwetu Samoa, wakimtaja Moelagi huanza kwa kusema kwamba hakuwa mtu wa maneno mengi, kisha humaliza mchana mzima wakiyarudia maneno yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana kama ya mpiga makasia na mikono isiyojua kukaa bure. Hata kanisani, mchungaji akirefusha mahubiri, viganja vyake vilikuwa vikisokota kamba ya makumbi pajani, taratibu, bila yeye kuviangalia.

Alikuwa bado msichana mdogo ile homa kubwa ilipokuja. Meli yenye wagonjwa iliachwa itie nanga bandarini Apia kana kwamba imeleta sukari, na haukupita muda, nyumba za kisiwa chetu cha Upolu zikawa na maiti wengi kuliko wazikaji. Homa ilimkuta Moelagi ana baba, mama, kaka wawili na mdogo wake wa kunyonya. Ilipoondoka ilikuwa imemwachia shangazi peke yake. Wengine wote waliviringishwa mikeka wakalazwa pamoja na majirani zao, maana hapakuwa na nguvu ya kuchimba makaburi mengi. Tangu siku zile, kila aliposikia kwamba wakubwa wa Nyuzilandi, waliokuwa wakitutawala, wako visiwani ili kutulea, Moelagi aliinua nyusi tu akaendelea na kazi yake.

Kazi yenyewe alifundishwa na huyo shangazi: kutengeneza nguo za magome. Unakata fito, unavua gome, unalikwangua kwa kombe la baharini mpaka ubaki utando mweupe, kisha unaulaza juu ya gogo na kuupiga kwa kipigio cha mti, ta, ta, ta, mpaka kipande cha upana wa kiganja kienee kama mkeka wa kulalia. Ukipiga kwa hasira linatoboka. Ukipiga kivivu linakunjamana.

"Piga kama unayemwamsha mgeni," shangazi alikuwa akimwambia. "Aamke, lakini asikukasirikie."

Aliolewa Fagalepa, na kijana anayeitwa Ielemia, mchonga mabakuli ya kunywea ava, kinywaji chetu cha mizizi. Ielemia alikuwa mchangamfu, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na mabakuli yake yalisifiwa mpaka vijiji vya ng'ambo ya mlima. Shambani hakuwa wa kutegemewa. Mama yake, Sulata, aliyekuwa akiishi nao, hakuacha siku ipite bila kulisema hilo.

"Mwanangu anajua kulichongea bakuli miguu kumi na miwili," alimwambia Moelagi siku ya kwanza, "lakini yake miwili haijui njia ya kwenye magimbi. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha."

"Nimeshaiona njia, mama. Nitakwenda mimi."

"Ehee! Basi karibu."

Siku hizo ndipo Mau, harakati ya kudai uhuru, ilipopamba moto. Jina hilo kwetu maana yake ni kushikilia neno lako, na watu walilishikilia kweli. Waliacha kwenda kwenye mikutano ya serikali, wakaacha kuitikia wito wa gavana, wakavaa mashuka ya buluu yenye mstari mweupe chini, na wakipita njiani walisema neno moja: Samoa ni ya Wasamoa. Hakuna aliyebeba silaha. Viongozi walikuwa wamekataza, wakakataza tena.

Asubuhi moja Tuileva, chifu wa Fagalepa, alikuja mwenyewe nyumbani kwa Ielemia, akaketi ameegemea nguzo ya mbele kama ilivyo haki yake. Baada ya kuulizana hali akasema, "Nataka unichongee rungu."

Ielemia akashangaa. "La vita, mheshimiwa?"

"La kutembea nalo. Mwisho wa mwaka watu wetu wanakwenda Apia kumpokea mwenzetu anayerudi kutoka uhamishoni. Kutakuwa na bendi, tutaimba. Nataka mtu wetu wa mbele alishike rungu la mvinje, aliweke begani hivi, kila mtu alione."

"Na askari wakituzuia njia?"

"Tutasimama. Rungu hilo halimpigi mtu."

Sulata alikuwa akimenya magimbi upande wa nyuma, na hakuweza kujizuia. "Rungu lisilopiga! Si mngesema mapema, nikawaazima huyu mwanangu? Naye ana jembe lisilolima."

Tuileva alicheka mpaka akashika ubavu. Alipotulia akasema, "Mama Sulata, asiye na rungu akinyamaza, watasema anaogopa. Mwenye rungu akinyamaza, watabaki wanajiuliza."

Ielemia alikata mvinje mkavu, mti mgumu unaovunja makali ya tezo, akauchonga huku akiimba. Lilitoka rungu la urefu wa mkono wa mtu mzima, bapa kama kafi la mtumbwi, lenye mpini wa mviringo. Uso wake mmoja aliujaza nakshi: safu za meno ya papa, nyayo za ndege wa pwani, na katikati mistari iliyokutana kama miale ya jua. Ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho. Jioni Moelagi alilipaka mafuta ya nazi, akilisugua mpaka mti ukawa na rangi ya chai nzito.

Uso wa pili ulikuwa bado laini, haujaguswa, siku ya safari ilipofika.

"Chora hata mistari michache," Moelagi alimshauri. "Kwa mbali nani ataona?"

"Mimi nitaona," Ielemia akajibu. "Kazi ya mbio siitaki. Litakwenda safari nyingine."

Kwa hiyo rungu likabaki limefungwa ndani ya mkeka, limening'inizwa kwenye boriti, na Ielemia akaenda Apia mikono mitupu, yeye na binamu yake Poutoa, aliyekuwa akipiga tarumbeta katika bendi. Poutoa alifiwa na mama siku ya kuzaliwa. Sulata ndiye aliyemnyonyesha, ziwa moja yeye, ziwa jingine Ielemia.

Ielemia alirudi peke yake, kwa miguu, kupitia njia ya mlimani. Shuka lake lilikuwa na damu isiyokuwa yake. Alikaa chini, akanywa maji, akasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

"Polisi walitaka kumkamata mtu mmoja katikati ya bendi. Watu wakasukumana, bunduki zikaanza, kisha rashasha kutoka juu ya kituo cha polisi. Mkubwa wetu mmoja alisimama katikati ya barabara ameinua mikono, anaita amani, amani. Wakampiga risasi huyo huyo. Poutoa aliinama amwinue mzee mmoja. Hakuinuka tena."

Sulata hakupiga yowe. Alikwenda ufukweni akaketi kwenye maji, na nguo zake, mpaka Moelagi alipomfuata na kumshika mkono.

Haukupita muda serikali ikatangaza kwamba kila mwanamume wa Mau ni wa kukamatwa, na manowari ikaonekana nje ya miamba. Wanaume wakapanda milimani, kwenye misitu yenye matope na mvua isiyokatika. Vijiji vikabaki na wanawake, watoto na vikongwe. Wanawake wakajifunga wao mashuka ya buluu, wakafanya wao mikutano, na wakawa wanapandisha chakula vikapuni kwa njia ambazo askari wa kigeni hawakuzijua.

Moelagi alikuwa akikutana na mumewe kwenye kijito cha juu, adhuhuri, wakati doria zinapopumzika kwa joto. Ielemia alikuwa amekonda. Alikuwa haimbi tena. Siku moja alikula mashelisheli ya kuchoma bila kuinua macho, kisha akasema, "Ukija kesho kutwa uniletee rungu."

"Halijakwisha."

"Upande uliokwisha unatosha kupasua kichwa."

Moelagi akafunga kikapu.

"Mikono mitupu, Moelagi! Poutoa alikufa mikono mitupu. Na mimi nilikuwa hatua mbili tu, nikiwa na nini? Na wimbo! Ningekuwa nalo siku ile..."

"Ungekuwa nalo siku ile, mimi leo mjane."

"Kumbe unaogopa."

"Ndiyo," Moelagi akasema. "Naogopa."

Ielemia hakulitarajia jibu hilo. Alitaka ugomvi, akakosa wa kugombana naye. "Niletee tu," akasema, akarudi msituni.

Njia nzima ya kurudi Moelagi alikuwa akilipima neno hilo. Alijua kwamba msituni walikuwapo vijana wengine wenye moto kama wa mumewe, wanaongoja mmoja tu aanze. Alijua pia kwamba mwanamume aliyenyimwa na mkewe kitu alichokichonga kwa mkono wake hatasahau upesi. Alipofika nyumbani akamweleza mama mkwe, akidhani atapata mtu wa upande wake.

Sulata alisikiliza mpaka mwisho. "Mpelekee," akasema.

"Mama!"

"Mpelekee, nasema. Yule waliyemlaza barabarani nilimlea kwa ziwa hili. Mnaniambia amani, amani. Amani ndiyo iliyomla mwanangu. Kama wewe miguu mizito, nitapanda mimi na uzee wangu."

Asubuhi ya siku iliyopangwa, Sulata alikuwa ameshalishusha rungu kutoka kwenye boriti na kulifungua mkekani, akitafuta majani ya mgomba ya kulifunika kikapuni. Moelagi alikuwa kwenye nyumba ya wanawake, wamezunguka gogo, wanapiga magome. Mama mkwe akaja na rungu mkononi waziwazi, kama anayebeba samaki, amwonyeshe mkwewe kwamba hatanii.

Ndipo mtoto mmoja wa kike akaja mbio kutoka ufukweni. "Askari! Askari! Wameshazunguka kijiji!"

Nyumba zetu hazina kuta. Mtu akisimama njiani huona mpaka upande wa pili, na sufuria inayochemka, na paka aliyelala. Pa kuficha hapakuwapo, na amri ilikuwa inajulikana: atakayekutwa na silaha atafungwa, na nyumba yake itavunjwa. Sulata alisimama katikati ya nyumba na rungu lake, kinywa wazi, yeye ambaye kinywa chake hakikuwahi kukosa kazi.

Moelagi akanyoosha mkono akalichukua. Akakaa kitako mahali pake, akaligeuza ule uso laini chini, wenye nakshi juu, akaanza kupiga gome. Ta, ta, ta. Lilikuwa zito kuliko kipigio chake mara mbili, na mpini wake ulikuwa mrefu, ikabidi alishike karibu na shingo.

"Kaeni," aliwaambia wenzake. "Pigeni. Mama, kaa hapa, nishikie ncha ya gome."

Wakaingia askari watatu, na kijana mwekundu wa jua ndiye mkubwa wao. Nyuma yao alikuja mkalimani, Kasiano, polisi Msamoa wa pande za magharibi, mwenye kofia na kaptula zilizopigwa pasi. Watu wa Mau walikuwa hawamsalimu. Wakipishana naye njiani waliangalia bahari.

Askari wakapekua makasha, wakafunua mikeka, wakachukua mashuka mawili ya buluu. Kijana yule akasimama mbele ya gogo. Akaangalia vipigio vya wanawake, vidogo vyenye pande nne na mifereji. Akaangalia cha Moelagi. Akasema neno, akanyoosha kidole.

Kasiano akalitazama rungu. Hakuna Msamoa mwenye macho ambaye angekosa kujua ni kitu gani. Aliona meno ya papa, aliona miale ya jua. Moelagi hakuacha kupiga, ila mapigo yake yalipungua. Sulata akamwangalia yule polisi usoni, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu wa kijiji kumwangalia hivyo.

"Anauliza hiki ni nini," Kasiano akasema.

"Na wewe unaniuliza hiki ni nini?" Moelagi akajibu bila kuinua kichwa.

Kasiano akakohoa. Akamgeukia kijana akamweleza kwa Kiingereza, polepole, na kila mtu akaona jinsi mkono wake ulivyoonyesha: kupiga, kupiga, kutanua. Kipigio. Kipigio kikubwa, cha magome magumu.

Yule kijana bado alikuwa na shaka. Akanyoosha mkono. Moelagi akampa. Askari akalipima uzito, akaligeuza, akatazama uso wa chini uliolowa utomvu. Akasema neno tena.

"Anasema ni zito mno kwa mwanamke."

Hapo Sulata akarudiwa na ulimi wake. "Mwambie kwetu wazito ni wanaume. Tukiweza kuwabeba wao, hicho hakitushindi. Mwambie kama haamini ajaribu, gome hilo hapo."

Kasiano akatafsiri, na huenda alitafsiri yote, maana askari wale wawili wa nyuma walicheka. Kijana akawa mwekundu zaidi. Ili asionekane mnyonge akapiga goti mbele ya gogo, akainua rungu, akapiga kwa nguvu zake zote. Gome likatoboka tundu la kupita kichwa.

"Yesu wangu!" Sulata akapiga kelele. "Ametoboa nguo ya arusi! Mwambie, Kasiano, mwambie bibi arusi atapitisha nini hapo?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Wanawake waliokuwa wakitetemeka dakika ile walicheka mpaka machozi, na ndani ya kicheko hicho hofu yao ikatoka. Kijana alisimama, akasema neno fupi ambalo halikuhitaji mkalimani, akamrudishia Moelagi rungu kwa mikono miwili. Kisha wakaondoka kwenda nyumba ya pili.

Kasiano alibaki nyuma kidogo akifunga kamba ya kiatu. "Shangazi," alimwambia Sulata chinichini, "hilo gome mlipige na kesho. Watarudi."

"Tumekusikia, baba," Sulata akamjibu.

Kweli walirudi, kesho yake na siku nyingi zilizofuata, na rungu likawa kipigio cha kila siku. Kuhusu kulipandisha mlimani Sulata hakusema tena. Moelagi naye hakumuuliza. Usiku wa siku ile ya kwanza alimwona mama mkwe ameshika kile kipande kilichotobolewa, anapima kiraka cha kuzibia tundu.

Walipokutana tena kijitoni, Ielemia aliangalia kikapu akaona magimbi, akaona samaki, hakuona kingine.

"Liko wapi?"

"Liko kazini."

"Kazi gani?"

Moelagi akamsimulia. Alisimulia kama alivyozoea, kwa maneno machache, kana kwamba anaeleza bei ya chumvi. Ielemia akakunja uso.

"Umepondea magome rungu langu? Ule uso niliouacha laini kama yai?"

"Ndiyo."

"Na utomvu, na maji?"

"Na utomvu."

Akainuka, akatembea mpaka ukingo wa kijito, akarudi. "Huyo askari... alilishika mwenyewe?"

"Akalishika."

"Akapiga?"

"Akatoboa. Mama akamuuliza bibi arusi atapitisha nini."

Ielemia akajaribu kuzuia mdomo wake, ukamshinda. Akacheka. Alicheka amekunja magoti, ameshika tumbo, jinsi alivyokuwa akicheka yeye na Poutoa tangu utoto, na alipokumbuka hilo kicheko kikageuka. Tangu siku ya barabarani alikuwa hajamlilia binamu yake. Akamlilia pale, juu ya mawe, kwa sauti, na Moelagi akakaa karibu naye akisokota kamba yake ya makumbi mpaka akamaliza. Halafu akamfungulia chakula.

Hatimaye wakubwa wa pande mbili wakaonana wakapatana, wanaume wakashuka milimani wakiwa na vidonda vya miguu na ndevu. Poutoa aliwekewa mawe juu ya kaburi kama inavyostahili, na juu ya mawe ilitandazwa nguo ya gome pana, nyeupe, yenye kiraka kimoja. Sulata ndiye aliyeipaka rangi.

Siku moja mvua ilipotulia, Ielemia akachukua patasi na lile rungu, akaketi ukingoni mwa nyumba aumalizie uso wa pili. Akaupapasa. Haukuwa laini tena. Ulikuwa umejaa mabonde madogo, umechakaa katikati, na kingo zake zimelainika.

"Ukitaka uparuze, paruza," Moelagi akamwambia. "Ni lako."

"Uso huu umeshachongwa na mtu mwingine."

"Vibaya," Sulata akasema kutoka nyuma.

"Vibaya sana," Ielemia akakubali, akaiweka patasi chini. Akalipeleka kwa Tuileva kama lilivyo. Chifu aliligeuza huku na huku, akasikia habari yake, akalitundika nyumbani kwake upande wa heshima.

Maisha yakaendelea. Moelagi alizaa watoto wanne, akamzika Sulata, aliyekufa akigombana na daktari, na baadaye akamzika Ielemia mbele ya nyumba, chini ya kifuniko cha mawe meusi. Magome aliendelea kuyapiga. Wasichana wa kijiji walipitia mikononi mwake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliambiwa habari ya kumwamsha mgeni.

Kisha ukaja mwaka wa uhuru. Tuileva wa zamani alikuwa amefariki, na cheo pamoja na jina vilikuwa kwa mpwa wake, mfanyabiashara wa nazi kavu, mtu mwenye mwili mkubwa na moyo mwema, anayependa kusikilizwa. Iliamuliwa kwamba siku ya bendera Fagalepa watatembea Apia, na mbele yao rungu la Mau litabebwa kama lilivyokusudiwa. Siku moja kabla, watu walikusanyika uwanjani kufanya mazoezi ya ngoma. Moelagi alikuwa ameketi na wanawake akirekebisha mashada. Akamsikia Tuileva mpya akiwaeleza wasichana wa ngoma:

"Mnaona haya mabonde? Hapa, na hapa? Hivi ni vichwa. Ielemia alishuka mlimani peke yake, akawapasua askari mmoja mmoja."

Wasichana wakashika midomo. Moelagi akaweka shada chini, akasimama, magoti yakilia.

"Tuileva, nina neno."

"Sema, mama."

"Hayo ni magome."

"Magome gani?"

"Ya nguo. Niliyapiga mimi, na mama mkwe amenishikia ncha. Ielemia hakumpiga mtu kwa rungu hilo. Hakumpiga mtu kwa chochote."

Tuileva akamvuta kando kwa heshima. "Mama, mimi si mgomvi. Lakini sikia. Kesho kila kijiji kitakuwa na lake la kusema. Watu wanapenda habari za vichwa. Hii inampa mzee wetu sifa, inakuumiza nini?"

"Alitaka kuua," Moelagi akasema. "Alilitaka rungu hilo siku ile, nami nikamnyima, akakaa na kunyimwa kwake mpaka hasira ikamtoka. Unajua ilivyomgharimu? Sasa wewe unampa damu ambayo hakuimwaga, na yeye yuko pale chini ya mawe, hawezi kukukatalia. Mimi ninaweza. Nakukatalia."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Tuileva akalitazama rungu alilolishika, akaligeuza uso wa nakshi, akaligeuza uso wa mabonde.

"Askari mwenyewe ndiye aliyetoboa gome?" akauliza.

"Mwenyewe. Amepiga goti."

"Na polisi alijua?"

"Alijua. Akasema kipigio."

Chifu akatikisa kichwa, tabasamu likamtoka kidogo kidogo. "Mama, hii mbona nzuri kuliko ya vichwa!"

Kesho yake Apia ilifurika. Bendera ilipandishwa kwenye upepo wa baharini, watu wazima wakalia bila haya. Zamu ya Fagalepa ilipofika, Tuileva alitembea mbele na rungu begani. Alipomaliza salamu zake akasimulia habari ya gome, na aliisimulia vizuri, kwa sauti zote: ya Sulata, ya mkalimani, ya kijana aliyepiga goti. Umati ukacheka toka mbele hadi nyuma. Akamaliza kwa kulitaja jina la Poutoa, mpiga tarumbeta, na kicheko kikanyamaza, watu wakavua kofia. Kisha akamtaja Ielemia, mchongaji, kwamba alikuwa na rungu na hakumpiga mtu.

Moelagi alisikia yote kutoka kwenye kivuli cha makuti, kati ya wanawake wenzake. Mwanawe mkubwa wa kike akamwinamia. "Umeridhika, mama?"

"Amemnenepesha yule askari," Moelagi akasema. "Alikuwa mwembamba. Lakini kwingine kote kasema kweli."

Alipangusa macho kwa ncha ya shuka. Halafu akauliza kama magimbi ya tui yameshatoka tanurini, maana tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu kinywani, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Binti yake akaenda kumletea.